Farasi Anapogoma Mbele ya Kiunzi

Najua mkisoma kichwa cha makala haya wengine mtauliza: farasi na sisi wapi na wapi? Shule yetu ina ng'ombe wa maziwa, kuku wa Klabu ya Kilimo na yule paka wa jikoni anayejulikana na wote. Farasi hatuna. Lakini tuliokwenda maonyesho ya kilimo mwaka jana tulimwona farasi mkubwa mweusi akija kwa kasi kuelekea kiunzi, akafika, kisha akapiga breki ghafla kama matatu iliyoona askari wa trafiki. Mpandaji akapita juu ya shingo na kutua ng'ambo ya pili peke yake. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nyuma yetu mzee mmoja akapaza sauti, "Mchape huyo! Kiburi tu hicho!" na watu wakamwitikia.

Neno hilo "kiburi" ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa nina mtu wa karibu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwashughulikia farasi kama yule, na yeye hakubaliani hata kidogo na mzee wa maonyesho.

Mtu huyo ni mjomba wangu, kaka yake mama. Ni saisi. Kwa asiyelijua neno hili, saisi ni mtunza farasi: yeye ndiye huamka saa kumi na moja alfajiri kuwalisha, kuwasugua, kusafisha mabanda, kuwatembeza na kuwatayarisha kwa ajili ya mpandaji. Mjomba amefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini huko upande wa Karen, Nairobi, si mbali sana na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Likizo ya Aprili nilikaa kwake karibu wiki tatu. Asubuhi nilikuwa mbeba miti wake, na jioni nilikuwa mwanafunzi wake. Naye ni mwalimu asiyehitaji chaki wala ubao.

Kabla sijaendelea tuyaweke maneno sawa, maana hiki ni Chama cha Kiswahili na lugha yetu hapa haina uhaba. Chuma kinachopita mdomoni mwa farasi huitwa lijamu. Kamba za ngozi anazoshika mpandaji ni hatamu, na ndiyo sababu viongozi nao husemwa kwamba "wameshika hatamu". Kiti cha ngozi mgongoni ni tandiko, na vyuma viwili vya kukanyagia ni vikuku. Mwendo wa kudundadunda, mguu wa mbele wa kulia ukienda pamoja na wa nyuma wa kushoto, huitwa matiti (tafadhali msicheke, kamusi ndiyo iliyosema), na mbio ni shoti. Kiunzi mnakijua kutoka uwanja wa riadha. Cha farasi ni nguzo mbili zilizobeba miti iliyopakwa rangi, na miti hiyo haifungwi. Farasi akiigusa kwa nguvu, huanguka.

Sasa, farasi anayesumbua kwenye viunzi hasumbui kwa njia moja. Yuko anayegoma, yaani anasimama kabisa kama yule wa maonyesho. Yuko anayechepuka: anakuja vizuri, halafu hatua ya mwisho anapinda na kupita kando ya nguzo. Yuko anayekurupuka, kichwa juu, anakimbilia kiunzi kama aliyeona moto nyuma yake. Huyu watu humsifu ati ana moyo, kumbe mara nyingi ni hofu ile ile, anataka tu jambo liishe. Na yuko anayeruka safi kabisa, lakini akishatua anarusha mateke mpaka mpandaji aone nyota mchana. Katika mashindano ya kimataifa ya kuruka viunzi, kugoma au kuchepuka mara ya kwanza huadhibiwa kwa pointi 4, sawa na kuangusha mti. Akirudia mara ya pili, yeye na mpandaji wake hutolewa uwanjani. Kwa hiyo si jambo dogo kwa mwenye farasi aliyelipa pesa nyingi.

Mjomba husema kwamba kabla ya kuuliza kwa nini farasi amekataa, afadhali ujiulize kwa nini hukubali. Hebu fikirini. Mnyama huyu ana uzito wa kilo kama 500. Katika maumbile yake ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa hukimbia kwanza ndipo ageuke kutazama ni nini. Akiwa huru malishoni akakuta gogo, mara nyingi hulizunguka. Wala si mjinga: kwa nini apoteze nguvu? Sisi ndio tunaomwambia aruke kitu ambacho angeweza kukipita kando, huku amebeba mtu mgongoni. Ajabu ni kwamba hukubali mara nyingi hivyo.

Halafu kuna macho yake. Hapa ndipo mimi nilipofunguka macho yangu. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu kila upande, nyuzi zipatazo 350 kati ya 360. Lakini kuna mahali asipoona: nyuma kabisa ya mkia, na mbele yake palepale, karibu na paji la uso na chini ya pua. Maana yake ni kwamba anapokikaribia kiunzi, hatua ya mwisho kabla ya kuinua miguu, kiunzi kinaanza kumpotea. Kwa sehemu kubwa anaruka kitu alichokiona nukta chache zilizopita. Ili akipime vizuri anahitaji kuinua na kuinamisha kichwa anapokuja. Sasa mpandaji mwenye woga hufanya nini? Huvuta hatamu kwa nguvu zote na kukifunga kichwa mahali pamoja. Ni kama kumfunga mtu kitambaa usoni kisha umwambie avuke mtaro.

Na rangi? Farasi huona buluu na manjano, lakini nyekundu na kijani humchanganya, hazitofautishi kama sisi. Huko Uingereza mbao za viunzi vya mbio za farasi zilikuwa zikipakwa rangi ya machungwa, ambayo kwa jicho la binadamu hung'aa sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walipolichunguza jambo hilo walionyesha kwamba kwa jicho la farasi rangi hiyo haijitokezi vizuri kwenye majani, na mwaka wa 2022 wakuu wa mchezo huo wakaanza kuibadilisha kuwa nyeupe. Miaka yote hiyo kiunzi kilipakwa rangi kwa ajili ya asiyekiruka!

Kivuli nacho ni tatizo. Macho ya farasi huchukua muda kuzoea kutoka kwenye jua kali kuingia kivulini. Kiunzi kilichowekwa chini ya mti wenye kivuli kizito, na sisi tuna jua la saa sita, kinaweza kumfanya asimame hata kama jana alikiruka kilipokuwa uwanjani peupe.

Lakini yote hayo, macho na rangi na kivuli, mjomba huyaweka nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza ni maumivu. Na hapa sina budi kuwasimulia habari za farasi mmoja wa rangi ya hudhurungi ambaye masaisi walimbandika jina la Kaidi.

Kaidi alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Kwa miaka mitano alikuwa akiruka viunzi vya mita moja bila taabu. Januari akaanza kugoma. Mara moja moja kwanza, halafu kila siku. Mwezi wa Februari alisimama ghafla, na msichana aliyekuwa akimpanda, wa rika letu tu, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Mkufunzi wake akaamua kwamba dawa ni kiboko. Wakamchapa. Kaidi akazidi. Akawa anagoma hatua tano kabla ya kiunzi, kisha hatua kumi, na mwishowe akawa hataki hata kuukanyagia karibu mti uliolazwa chini. Mwenye farasi akatangaza: mwisho wa Mei, kama hajaruka, aondoke.

Nilimwuliza mjomba, "Aende wapi?"

Alikuwa anasugua tandiko, hakuinua uso. "Farasi asiyeruka, tena aliyemvunja mtoto, nani atamnunua, mpwa wangu? Akikosa mnunuzi, huitwa daktari na sindano yake. Na banda likibaki tupu, saisi mmoja naye haitwi tena kazini."

Ndipo nikaelewa kwamba habari hii haikuwa ya farasi peke yake.

Swali la mjomba lilikuwa moja tu: kitu gani kilibadilika kabla ya Januari? Farasi wa miaka kumi na mmoja haamki siku moja akaamua kuwa na kiburi. Na kitu kilikuwa kimebadilika. Mwezi wa Novemba msichana yule alinunuliwa tandiko jingine, zuri la kupendeza, lakini lililotengenezwa kwa farasi mwembamba kuliko Kaidi. Lilimbana pande zote mbili nyuma ya mabega. Akitembea, linamsumbua kidogo. Akiruka, uzito wote wa mpandaji hushuka pale pale wakati wa kutua. Mjomba alipopitisha vidole mgongoni, taratibu, kuanzia shingoni kuja nyuma, ngozi ya Kaidi ilitetemeka na mgongo ukazama, na masikio yakalala nyuma. Tena aliona nywele nyeupe zimeanza kuota pande hizo. Nywele nyeupe mahali pa tandiko ni alama ya ngozi iliyobanwa muda mrefu mpaka rangi yake ikaharibika.

Mjomba alikuwa amelisema jambo hili tangu Januari. Lakini saisi ni nani? Alijibiwa kwamba kazi yake ni kufagia banda. Mwezi wa Machi ndipo daktari wa mifugo alipoitwa, akapapasa mgongo ule ule, akasema neno lile lile, na sasa likaaminiwa kwa kuwa lilikuwa limevaa koti jeupe. Daktari alitazama na meno. Meno ya farasi hayaachi kuota maisha yake yote, na ya nyuma hufanya makali pembeni yanayokata shavu kwa ndani. Dawa yake ni kupigwa tupa, ndiyo, tupa kama ya fundi wa vyuma, ila ndefu. Kaidi naye alikuwa na kidonda shavuni. Kila hatamu ikivutwa, lijamu na meno vilishirikiana kumwumiza.

Basi orodha ya mjomba ni hii, na huifuata kabla mtu yeyote hajamlaumu farasi: mgongo na tandiko, mdomo na meno, kisha miguu. Miguu huipima kwa kumkimbiza farasi matiti kwenye ardhi ngumu, mstari ulionyooka, huku akitazama kichwa. Farasi mwenye maumivu kwenye mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu mbovu unapokanyaga, na kukishusha mzima unapokanyaga. Nilifundishwa siku ya pili nikakesha nikitazama farasi wa watu barabarani.

Kaidi akapumzishwa wiki nne bila tandiko. Tandiko jipya likarudishwa lilikotoka, la zamani likatolewa stoo. Nilipofika mimi kwa likizo, mgongo ulikuwa umepona kabisa, ukiupapasa hatikisiki. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini wapi! Alipoonyeshwa mti uliolazwa chini, alisimama akikoroma, macho yamemtoka. Maumivu yalikuwa yameondoka, hofu ikabaki na funguo za nyumba.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa au hurudia kiboko. Wasomaji, naomba tulifikirie hili la kiboko kwa makini, kwa sababu hata sisi wanafunzi linatuhusu kwa njia fulani (serikali yetu ilikipiga marufuku mashuleni mwaka wa 2001, na walimu wetu ni mashahidi kwamba bado tunasoma). Farasi hujifunza kutokana na kile kinachofuata papo hapo baada ya tendo lake. Papo hapo, si baada ya dakika. Kaidi alikuwa akiogopa kwamba kiunzi kinaumiza. Anakikaribia, anasimama, anachapwa. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba hakika, karibu na kiunzi pana maumivu, alikuwa sahihi tangu mwanzo! Na mpandaji akishamchapa humgeuza na kumwondoa pale ili aje upya. Hapo Kaidi anajifunza somo la pili: ukikataa, unaondolewa penye hatari. Masomo mawili mabaya kwa kiboko kimoja.

Mjomba alifanya kinyume. Siku ya kwanza hapakuwa na mpandaji. Mti mmoja tu chini, na Kaidi akaongozwa kwa kamba mpaka umbali ambao bado ametulia. Kama ni hatua sita, basi ni sita. Akainamisha shingo, akapumua, kamba ikalegezwa papo hapo, akakwaruzwa pale shingo inapoungana na mgongo. Farasi wenyewe kwa wenyewe hukwaruzana kwa meno mahali hapo, ni kama sisi kupeana mikono. Kisha hatua moja mbele. Tena. Ilituchukua karibu saa nzima kuuvuka mti mmoja wenye unene wa mkono wangu, na mimi nilikuwa nimesimama juani nikijiuliza kama hii ndiyo kazi. Alipouvuka, mjomba akamrudisha bandani. Nikasema, "Mjomba, si ameanza kuelewa? Tuendelee!" Akanijibu, "Ndiyo maana tunaacha."

Siku zilizofuata miti ikaongezeka. Minne chini, ikiachana kama mita moja na robo hivi, ili aipite kwa matiti kila mguu ukianguka katikati. Hii humfanya ahesabu hatua zake na atazame chini, na farasi anayehesabu hana nafasi ya kukurupuka. Baadaye miti miwili ikapishanishwa kama herufi X, katikati yake kimo cha sentimita 40 tu, na mti mmoja ukalazwa chini mita 2.7 mbele yake. Mti huo wa chini ndio siri ya fundi. Humleta farasi kwenye mahali sahihi pa kurukia, asiwe karibu mno wala mbali mno, kwa hiyo hata mpandaji asiyejua kupima anapimiwa. Miti mingine miwili tukaiegemeza pande zote mbili ikafanya kama mdomo wa faneli, asipate pa kuchepukia. Na mbele yake akatangulizwa farasi mmoja mzee, mtaratibu, aliyeruka kila kitu duniani, ili Kaidi amfuate. Farasi ni mnyama wa kundi. Akiona mwenzake amevuka na bado ana miguu minne, moyo humrudia.

Mpandaji alikuwa kijana mmoja saisi mwenzake mjomba, mwepesi, mwenye mikono laini. Aliamriwa jambo moja: anapofika kwenye kiunzi ashike manyoya ya shingoni, asishike hatamu. Lijamu hukaa mdomoni kwenye sehemu isiyo na meno, juu ya ufizi mtupu. Mpandaji akipoteza mizani angani akajishikilia kwa hatamu, uzito wake wote hushuka kwenye ufizi huo. Farasi aliyevutwa hivyo mara tatu, ya nne hagomi kwa kiburi. Anagoma kwa hesabu.

Na mpandaji ana mengine. Akitazama chini kwenye kiunzi badala ya kutazama mbele, kichwa chake, ambacho si kitu chepesi, huelemea mabega ya farasi pale pale anapotaka kuyainua. Akiinama mbele mapema, ni vilevile. Akilegeza miguu hatua ya mwisho kwa woga, farasi huhisi. Ngozi ya farasi huhisi nzi akitua, seuze mtu mzima! Mpandaji ambaye moyo wake umekwisha kukataa, farasi hukataa kwa niaba yake.

Siku ya tisa tuliletewa mtihani. Mjomba aliweka mapipa matupu ya buluu chini ya mti. Kaidi akaja, akayaona, akasimama kama nguzo ya stima. Kijana akataka kumgeuza, mjomba akapiga kelele, "Usimgeuze! Mwache atazame!" Kaidi akabaki pale pale, uso kwa uso na mapipa, huku mimi nikikimbia kuyaondoa mawili na kuuteremsha mti mpaka ukawa wa kuvukwa hata kwa kutembea. Akaambiwa nenda. Akanusa, akavuka kama bibi harusi anayeogopa kulowesha viatu. Akasifiwa. Kisha tukarudisha pipa moja, kisha la pili. Hakuwahi kugeuzwa hata mara moja. Kukataa hakukumpa likizo, wala hakukumletea kipigo.

Angechepuka badala ya kusimama, kuna kanuni nyingine: akikimbilia kushoto, mgeuze kulia, umrudishe mbele ya kiunzi kwa njia ile ile aliyotorokea. Ukimwacha amalize mzunguko wake wa kushoto, umempa alichotaka. Na yule wa mateke baada ya kutua, mjomba huwa hamwekei somo lolote kabla ya kurudi mgongoni na kwenye tandiko.

Kuna watu watasema kwamba haya ni ya kubembeleza, na kwamba kwenye mashindano makubwa mambo ni tofauti. Basi tuwatazame wakubwa. Tarehe 6 Agosti 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kulikuwa na mashindano ya pentathlon ya kisasa ya wanawake, michezo mitano kwa mtu mmoja. Mmoja wa mitano hiyo ulikuwa kuruka viunzi kwa farasi ambaye mwanamichezo hajawahi kumpanda, aliyepewa kwa kura, na muda wa kuzoeana ulikuwa dakika 20 tu. Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza wote. Akapewa farasi aitwaye Saint Boy, ambaye muda mfupi kabla yake alikuwa amegoma chini ya mpandaji mwingine. Saint Boy alikuwa tayari ametaharuki. Akakataa kwenda. Schleu akalia machozi akimpiga kwa fimbo, na kocha wake, Kim Raisner, akasikika akimhimiza ampige zaidi, kisha yeye mwenyewe akampiga farasi kwa ngumi. Dunia nzima iliona kwenye televisheni. Schleu aliteremka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 31, na kocha akaondolewa kwenye mashindano yaliyobaki. Wakuu wa mchezo huo baadaye waliamua kuuondoa upandaji farasi kabisa. Paris mwaka wa 2024 ilikuwa mara ya mwisho, na nafasi yake imechukuliwa na mbio za kupita vikwazo kwa miguu.

Nilipomwonyesha mjomba picha hizo kwenye simu, alitazama mara mbili. Sikuona akimtazama yule mwanamke anayelia. Aliniambia nisimamishe picha, akaonyesha kwa kidole jasho jeupe shingoni mwa farasi na macho yake. "Huyu alisema 'siwezi' kabla hawajaanza," akasema. "Tatizo ni dakika ishirini. Mimi Kaidi namjua miaka mitano na bado nilihitaji wiki tatu."

Upande wa pili wa sarafu nao upo. Rekodi ya dunia ya farasi kuruka juu ni mita 2.47, na iliwekwa tarehe 5 Februari 1949 huko Viña del Mar, nchini Chile, na farasi aitwaye Huaso akipandwa na Kapteni Alberto Larraguibel. Mpaka leo haijavunjwa. Huaso huyo alianza kama farasi wa mbio, akashindwa kuwika huko, na hata siku ile ya rekodi alivuka kwenye jaribio la tatu. Kipimeni kimo hicho kwenye mlango wa darasa letu, mtaona kinapita juu ya mlango.

Kaidi hatafika huko, wala hakuna anayemtaka afike. Nilipoondoka kurudi shuleni alikuwa anaruka sentimita 70 na yule msichana, ambaye mtulinga wake ulikuwa umeunga, alikuwa ameanza kumpanda kwa matiti juu ya miti ya chini huku ameshika manyoya kwa mikono yote miwili. Mwisho wa Mei mwenye farasi alikuja na kiti chake, akakaa kivulini kutazama. Viunzi vilikuwa tisa, vyote vya sentimita 80. Mjomba alinisimulia kwa simu, siku ya wazazi kututembelea, nikitumia simu ya mama: vinane alivipita, cha mapipa akasimama. Msichana hakumgeuza. Alimngoja, akampapasa, akamrudisha hatua chache nyuma na kumwambia nenda, naye akaruka juu kuliko ilivyohitajika kiasi cha kumpoteza kikuku kimoja. Mwenye farasi akacheka, akainuka, akasema abaki.

Sasa hivi kuna daftari limetundikwa kwenye mlango wa banda. Kila baada ya miezi mitatu mjomba hupapasa migongo ya farasi wote, hutazama matandiko, na huandika kwa mkono wake alichokiona, na mkufunzi hutakiwa kusoma na kutia sahihi. Kaidi ameshapanda hadi sentimita 90. Mapipa ya buluu bado hayapendi, huyaruka akiyakodolea macho. Na buluu, kama nilivyoeleza, ni rangi anayoiona vizuri kabisa.